Usiotiwa chachu au usiochacha? Mkate uliotenganisha makanisa

Majuzi, siku chache baada ya Pasaka, mwalimu mmoja wa Kiswahili aliniandikia ujumbe ulionikosesha usingizi. Mwanafunzi wake wa Kidato cha Tatu alikuwa amesimama darasani akauliza hivi: katika Biblia, Waisraeli waliamriwa kula mikate isiyotiwa chachu na kuondoa chachu yote majumbani mwao; magazetini nako kila siku tunasoma kuhusu vijana walio ‘chachu ya mabadiliko’. Je, chachu ni kitu kizuri au kibaya?

Mwalimu alimwambia mtoto aketi kwanza. Kisha akanitupia mimi kaa hilo la moto.

Nilidhani ningelijibu kwa aya mbili. Wapi! Kila nilipolishika liliniongoza mbali zaidi: kwa Wayahudi na saa zao za kukanda unga, kwa maaskofu wa Kigiriki na wa Kilatini waliorushiana laana, hadi kwenye kambi ya mateso ambako watu walilia kwa sababu walikuwa na mkate. Basi leo tuliangalie neno hili na historia yake.

Tuanzie nyumbani. Mzizi wetu ni kitenzi chacha. Wali uliolala bila kufunikwa vizuri huchacha, yaani hugeuka ladha na kuwa mkali. Kutokana na kitenzi hicho tumepata chachu, ambayo ni ule ukali wenyewe na pia kile kinachousababisha. Vilevile tuna hamira, neno tulilolipokea kutoka kwa Waarabu, ambalo ndilo mama jikoni hulitumia anapopika maandazi au mkate wa kumimina. Unga ukishatiwa hamira huumuka. Kwa hivyo katika Kiswahili neno lile lile limebeba mambo mawili: kuharibika kwa chakula na kufura kwa unga. Ukweli ni kwamba mambo hayo ni ndugu. Vijidudu vinavyoumua unga ni jamaa ya vile vinavyokichachisha chakula.

Waebrania wa kale hawakuwa na pakiti za hamira za dukani. Mama wa nyumbani alibakisha donge la unga wa jana, lililokwisha kuwa kali, akalichanganya na unga wa leo. Donge hilo waliliita seori. Unga au mkate uliokwisha kuchacha waliuita hametsi, neno lililo na mzizi mmoja na neno la Kiarabu la kitu kikali kama ndimu. Na mkate ambao haukuchacha waliuita matsa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinakataza vyote viwili, seori na hametsi, kwa muda wa siku saba.

Sababu yake? Kitabu hicho hicho kinasimulia kwamba Waisraeli walipotoka Misri walifukuzwa kwa pupa. Unga walikuwa wameshaukanda, lakini hawakupata nafasi ya kuungoja uumuke. Wakaubeba vivyo hivyo, wakauoka ulivyo. Waswahili husema haraka haraka haina baraka. Hii basi ni haraka ambayo taifa zima limeikumbuka kila mwaka kama baraka. Hata hivyo, Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, linauita mkate huo kuwa ni wa mateso. Kwa hivyo anayeula hukumbuka utumwa na ukombozi kwa tonge moja.

Desturi hii ni kongwe. Huko kusini mwa Misri, katika kisiwa cha Elephantine ndani ya mto Nile, paliishi Wayahudi waliokuwa askari wa dola ya Uajemi. Barua iliyoandikwa kwa Kiaramu mwaka 419 Kabla ya Kristo inawaagiza namna ya kuziadhimisha siku hizo na kujiepusha na kilichochacha. Si ajabu ndogo: Wayahudi walioishi katika nchi ile ile ambayo babu zao walisimuliwa kuikimbia, wakihimizwa kuukumbuka mkate wa safari.

Sasa hapa ndipo lugha yetu inaponibana. Tunasema ‘mkate usiotiwa chachu’. Kitenzi kile kiko katika kauli ya kutendwa: lazima awepo mtu wa kutia. Ukimwuliza Mkenya akupe mfano wa mkate usiotiwa chachu, bila shaka atakutajia chapati. Haina hamira, ni unga, maji, chumvi na mafuta. Lakini je, Myahudi anayeshika sheria anaweza kuila siku ya Pasaka? Hawezi. Na hasa si kwa sababu ya mafuta wala chumvi. Ni kwa sababu ya ile nusu saa ambayo mpishi hodari huufunika unga wake kwa bakuli ili ulainike.

Sheria ya marabi inashikilia kwamba unga wa ngano, au wa shayiri, au wa nafaka nyingine tatu za jamii hiyo, ukishakutana na maji huanza safari ya kuchacha wenyewe, hata kama hakuna aliyeutia chochote. Muda uliokubalika ni dakika 18. Ukiacha unga bila kuushughulikia kwa dakika hizo, tayari ni hametsi. Ndiyo maana wanaooka matsa hufanya kazi mbio mbio: mmoja anapima maji, mwingine anakanda, mwingine anasukuma, mwingine anatoboa vitundu ili hewa isiinue mkate, mwingine yuko mdomoni mwa tanuri. Duru moja ikiisha, meza na vyombo husafishwa kabla ya kuanza upya.

Kwa maneno mengine, kinachopigwa marufuku ni kuchelewa. Hamira ni sehemu tu ya habari. Laiti wafasiri wetu wangesema ‘mkate usiochacha’, wangekuwa karibu zaidi na fikra ya Kiebrania. Silaumu mtu, ‘usiotiwa chachu’ limekwisha kuzoeleka na ni fasaha. Ila tujue limeficha nini.

Kabla ya sikukuu, nyumba ya Myahudi hufagiliwa hadi pembe za kabati. Usiku wa mwisho baba na watoto hupita na mshumaa wakitafuta makombo, na asubuhi yake huyateketeza. Kisha usiku wa Pasaka familia huketi mezani kwa mlo uitwao Seda. Matsa tatu huwekwa mezani. Ile ya kati huvunjwa vipande viwili, na kipande kimoja hufichwa ili watoto wakitafute. Mtoto mdogo ndiye anayeuliza maswali: mbona usiku huu si kama usiku mwingine? Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyenitia mashakani angefaa sana kuketi pale.

Tusidhani desturi hii imekaa bila mizozo. Mwaka 1838 Isaac Singer wa Alsace, Ufaransa, aliunda mashine ya kusukuma matsa. Miaka ishirini baadaye marabi wa Ulaya Mashariki walikuwa wakizozana vikali. Rabi Shlomo Kluger aliipinga mashine, na moja ya hoja zake ni kwamba maskini waliotegemea kibarua cha kuoka matsa wangekosa pesa za sikukuu. Rabi Joseph Saul Nathanson wa Lviv akaitetea. Mabishano yetu ya mashine za kuchuma majanichai kule Kericho yana babu zake, kumbe!

Sasa tuwageukie Wakristo. Mathayo, Marko na Luka wanaueleza mlo wa mwisho wa Yesu kuwa wa Pasaka, katika siku za mikate isiyotiwa chachu. Kwa hesabu hiyo, mkate alioumega ulikuwa matsa. Lakini Yohana anahesabu vingine: kwake, Yesu alisulubishwa siku ya maandalizi, kabla Pasaka haijaliwa. Kwa hesabu ya Yohana, basi, mkate wa mezani ungeweza kuwa wa kawaida uliochacha. Tofauti hiyo ya siku moja ilikuja kuwagharimu watu uhai.

Katika karne za mwanzo Wakristo wa Mashariki na wa Magharibi walileta kanisani mkate wa kawaida kutoka majumbani mwao. Baadaye Magharibi ilibadilika polepole. Katika karne ya 8 na ya 9 waandishi kama Alcuin na Rabanus Maurus wanataja mkate usio na chachu, na kufikia karne ya 11 desturi hiyo ilikuwa imeenea katika kanisa la Kilatini. Mkate ukawa mwembamba, mweupe, wa duara: hostia. Neno hilo, ambalo Wakatoliki wetu hulitumia hadi leo, ni la Kilatini na maana yake ni mnyama wa kafara. Wagiriki wao waliendelea na mkate ulioumuka. Waarmenia, ingawa ni wa Mashariki, walitumia usiochacha, na Wagiriki hawakuwapenda kwa hilo.

Mwaka 1053 Leo, askofu mkuu wa Ohrid, aliandika barua kwa askofu wa Trani, Italia, akiwashutumu Walatini kwa kuiga mikate ya Wayahudi. Nyuma yake alikuwapo Mikaeli Keroularios, patriaki wa Konstantinopoli. Papa Leo wa Tisa akatuma wajumbe wakiongozwa na Kardinali Humbert, mtu mwenye elimu nyingi na ulimi mkali. Wakabishana hadi subira ikaisha. Tarehe 16 Julai 1054 Humbert aliingia katika kanisa la Hagia Sophia, akaweka juu ya altari hati ya kumtenga patriaki, akaondoka zake. Papa aliyemtuma alikuwa amekwisha kufariki mwezi Aprili. Patriaki naye akawatenga wajumbe wale.

Mambo yaliyogombaniwa yalikuwa mengi: mamlaka ya Papa, maneno ya Kanuni ya Imani, ndoa za makasisi. Lakini mkate ndio uliokuwa mdomoni mwa kila mtu. Wagiriki waliwaita wenzao kwa jina la kuwadhihaki, yaani watu wa mkate usiochacha, nao Walatini wakawajibu kwa jina la watu wa chachu.

Nawaomba wapenzi wa isimu watege sikio hapa, maana ugomvi huu ulikuwa pia wa kamusi. Injili kwa Kigiriki zinasema Yesu alitwaa artos. Watetezi wa Mashariki wakadai kwamba artos hutokana na kitenzi chenye maana ya kuinua. Kwa hivyo ni mkate ulioinuliwa na chachu, na kisichochacha kina jina lake jingine, adzimo. Hoja tamu, lakini haikuwa na mashiko. Kwanza, tafsiri ya kale ya Agano la Kale kwa Kigiriki husema waziwazi ‘artos isiyochacha’, kama sisi tunavyosema mkate usiotiwa chachu. Pili, Luka anasimulia kwamba Yesu alimega artos kule Emau, na siku hizo za sikukuu Wayahudi hawakuwa na mkate mwingine. Artos ni mkate tu, wa aina yoyote. Etimolojia ya kubuni iliwekwa kwenye mizani ya imani, na watu wakaipima kama dhahabu.

Ila chini ya kamusi palikuwa na mafumbo mawili yanayopingana, na yote yana uzuri wake. Kwa Wagiriki, chachu ni uhai: huupa unga pumzi na kuuinua, kama roho mwilini, kama mfu anayefufuka. Mkate usio nayo, walisema, ni mfu. Kwa Walatini, chachu ni uozo: huanza kidogo ikaeneza ukali wake kote. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho na Wagalatia kwamba chachu kidogo huchachisha donge zima. Sisi tungesema samaki mmoja akioza huoza wote. Kwa hiyo mwili usio na dhambi, Walatini wakasema, ufananishwe na mkate safi.

Maneno hayo hayakubaki vitabuni. Mwaka 1231, katika kisiwa cha Kipro kilichokuwa chini ya watawala wa Kilatini, watawa 13 wa Kigiriki kutoka Kantara waliuawa kwa kukataa kukiri kwamba mkate usiochacha ni halali kwa Ekaristi. Watu 13, kwa sababu ya unga uliongoja na unga usiongoja.

Mwaka 1439, Waturuki wakiikaribia Konstantinopoli, wajumbe wa pande mbili walikutana Florence wakakubaliana kwamba mkate wa ngano ni halali uwe umechacha au haujachacha, na kila kasisi afuate desturi ya kanisa lake. Jibu lilikuwa jepesi hivyo. Lakini waumini wa Mashariki waliukataa muungano wenyewe, na mwaka 1453 mji ukaanguka. Laana za 1054 ziliondolewa na Papa Paulo wa Sita na Patriaki Athenagoras tarehe 7 Desemba 1965.

Waprotestanti nao walilirithi swali. Calvin na mwenzake Farel walifukuzwa Geneva mwaka 1538 katika mzozo uliohusu, miongoni mwa mengine, desturi za Bern, pamoja na mkate usiochacha. Calvin mwenyewe aliandika kwamba uchache au usichache si neno. Waingereza, katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, waliagiza mkate wa duara usiotiwa chachu. Miaka mitatu baadaye wakasema mkate wa kawaida unatosha.

Kwa hiyo, msomaji, ukipita mitaa ya Nairobi Jumapili unapita katikati ya historia hii bila kujua. Mkatoliki anapokea hostia isiyochacha. Mwothodoksi, ambaye kanisa lake lilichipuka katika makanisa huru ya Wakikuyu miaka ya 1930 kabla ya kuungana na Upatriaki wa Aleksandria, anapokea mkate ulioumuka. Muadventista wa Kisii haruhusu chachu katika mkate wala katika kikombe: maji ya zabibu yasiwe yamechacha. Na ukivuka mpaka hadi Mbale, Uganda, utawakuta Abayudaya, jamii iliyoasisiwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wanaoshika Uyahudi na Pasaka yake.

Kuna sura moja ya giza ambayo siwezi kuiruka. Tangu Enzi za Kati, Wakristo wa Ulaya waliwasingizia Wayahudi kwamba huua watoto na kuchanganya damu yao katika matsa. Sheria ya Kiyahudi hukataza kabisa kula damu, hata ya mnyama, na Papa Innocent wa Nne aliukanusha uzushi huo mwaka 1247. Haukusikika. Damaski, mwaka 1840, watu waliteswa kwa ajili yake. Mjini Kiev, Mendel Beilis alikamatwa mwaka 1911, akakaa gerezani zaidi ya miaka miwili, na ni mwaka 1913 tu ambapo baraza la waamuzi lilimwona hana hatia. Watu waliokula mkate usiochacha mezani pa Bwana waliwaua wenye mkate huo.

Na kisha Bergen-Belsen, Pasaka ya mwaka 1944. Wafungwa Wayahudi hawakuwa na matsa. Walikuwa na mgao wao mdogo wa mkate wa kawaida, yaani hametsi. Kuukataa ni kufa. Marabi waliokuwa nao kambini waliwatungia sala ya kusema kabla ya kuula: kwamba mioyo yao ilitamani kutii, utumwa umewazuia, na kwamba wanakula kwa sababu Torati iliamuru watu waishi kwa amri zake, wasife kwazo. Huenda hakuna waliouelewa mkate wa mateso kuliko hao, ambao hawakuwa nao.

Nirudi kwa mwanafunzi wetu. Chachu ni nzuri au mbaya? Torati yenyewe haikuamua upande mmoja. Ilikataza chachu kwenye sadaka za unga zilizoteketezwa altarini, lakini siku hamsini baada ya Pasaka iliagiza mikate miwili iliyochacha iletwe mbele za Mungu. Yesu aliwaonya wanafunzi wake kuhusu chachu ya Mafarisayo; kisha akaufananisha ufalme wa mbinguni na chachu ambayo mwanamke aliificha katika unga mwingi. Chachu katika vinywa hivyo ni nguvu ya kitu kidogo kubadili kikubwa bila kelele. Uzuri au ubaya wake hutegemea imeingia unga gani, na wakati gani.

Kwa hiyo mwandishi wa gazeti anayesema ‘chachu ya mabadiliko’ hajakosea, mradi akumbuke kwamba mabadiliko nayo huweza kuwa kuumuka au kuwa kuchacha. Na mwalimu anapowasomea wanafunzi habari ya mikate isiyotiwa chachu, awaeleze kwamba Waisraeli hawakuichukia hamira. Hawakuwa na muda wa kuingoja.